Bei ya Bondeni na Deni la Mwinuko



Nimeombwa nizungumzie mabadiliko ya tabianchi na thamani ya makazi. Nimeona nisiizunguke dunia nzima, nikachagua bonde moja, la Mto Msimbazi hapa Dar es Salaam. Hapa maji yamepanga bei ya nyumba kwa miongo mingi, tena bila benki kuulizwa wala kampuni ya bima kutia saini, na yeyote mwenye shaka anaweza kushuka kutoka Magomeni akajionea.

Hoja yangu naitoa mapema ili mnipime nayo. Nyumba ya bondeni ina bei nafuu kwa sababu hatari ya maji imekwisha kukatwa ndani ya bei hiyo. Anayeishi humo hulirudisha punguzo hilo kila masika, kwa godoro, kwa mtaji, kwa afya, na mara nyingine kwa uhai. Kisha siku Serikali inapokuja kuyaondoa maji, ardhi ile ile inapanda thamani, lakini mtu aliyeyavumilia maji analipwa kwa bei ya siku za mafuriko. Hii ni dhuluma, hata kama kila karatasi imepigwa muhuri.

Mto uliokutana na mji

Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe. Unashuka kupitia Ukonga, Vingunguti na Tabata, unakutana na mito midogo kama Ubungo na Sinza, unapita Kigogo na Jangwani, kisha unaingia Bahari ya Hindi pale Daraja la Selander. Bonde lake la chini ni pana na tambarare. Maji yenye kasi yakifika hapo yanapunguza mwendo, yanaacha mchanga na takataka, na yanatafuta nafasi ya kutandaa. Bahari ikiwa imejaa, mlango wa mto unabanwa na maji yanarudi nyuma.

Waliopanga mji huu walilijua jambo hilo. Wakoloni waliweka makazi yao Oysterbay, kwenye mwinuko wa matumbawe unaopigwa na upepo wa bahari. Baada ya Uhuru, Mpango Mkuu wa mwaka 1979 uliliorodhesha bonde la Msimbazi kuwa eneo la hatari lisilofaa kwa makazi. Kwa maneno mengine, hatari iliandikwa kwenye ramani kabla ya wengi wa vijana walio ukumbini humu kuzaliwa.

Lakini ramani haimjengei mtu nyumba. Mji ulikua kuliko viwanja vilivyopimwa. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa huu. Sensa ya mwaka 2022 ikahesabu 5,383,728. Zaidi ya watu milioni moja waliongezeka ndani ya miaka kumi, na karibu kila mmoja wao alihitaji chumba. Kwa muda mrefu, zaidi ya asilimia 70 ya wakazi wa Dar es Salaam wamekuwa wakiishi katika makazi yasiyopangwa. Hawakuyachagua makazi hayo kwa ukaidi. Viwanja vilivyopimwa vilikuwa vichache, ghali, na vilichelewa.

Nayo mvua haikubaki ilivyokuwa. Sayansi yake inaeleweka: kila mara hewa inapoongezeka joto kwa nyuzi moja ya Selsiasi, uwezo wake wa kubeba mvuke unaongezeka kwa takriban asilimia 7. Hewa iliyobeba maji mengi huyamwaga kwa wingi na kwa muda mfupi. Huku kwetu kuna pia mabadiliko ya joto la Bahari ya Hindi na hali ya El Niño, ambavyo vikikutana huzifanya mvua za vuli kuwa kali mno, kama tulivyoona mwishoni mwa mwaka 2023.

Mwaka 2011, siku chache baada ya taifa kuadhimisha miaka 50 ya Uhuru, mvua za tarehe 20 hadi 22 Desemba zililifunika bonde. Zaidi ya watu 40 walikufa na maelfu wakalala kwenye madarasa ya shule. Masika ya mwaka 2024, Waziri Mkuu aliliambia Bunge kwamba mvua zilikuwa zimeua watu 155 nchini na kuathiri zaidi ya watu 200,000. Mwanzoni mwa Mei mwaka huo huo, kimbunga Hidaya kikagusa pwani yetu. Matukio haya hatuwezi tena kuyaita ajali zinazotokea mara moja katika maisha ya mtu.

Maji yanavyoingia kwenye bei

Taaluma yangu ni kuthamini majengo, kwa hiyo niruhusuni nieleze jinsi bei inavyozaliwa mahali ambapo hakuna hati.

Mnunuzi wa kibanda cha bondeni hakutani na benki. Anakutana na dalali, kisha na mwenye nyumba, kisha mjumbe na ofisi ya serikali ya mtaa wanaoshuhudia mauziano. Hakuna mpimaji aliyefika na hakuna anayedai cheti cha mafuriko. Hata hivyo soko linajua. Mnunuzi anatazama ukutani, anaona alama ya maji inapoishia. Anauliza jirani kama mwaka jana walihama. Anapima kina cha ngazi kati ya barabara na mlango. Halafu anataja bei, na bei hiyo imekwisha kutoa maji.

Kwa mpangaji mambo ni hayo hayo. Tuchukue hesabu ya kukadiria, ya kufundishia tu. Tuseme chumba cha Magomeni juu kinapangishwa kwa shilingi 70,000 kwa mwezi, na chumba cha ukubwa huo huo kule bondeni ni 40,000. Mama anayeuza maandazi akichagua cha bondeni anaokoa shilingi 30,000 kwa mwezi, yaani 360,000 kwa mwaka. Ni fedha za kweli: ada, sare, unga wa biashara. Sasa mvua moja ije usiku. Godoro limelowa, jiko na masufuria vimekwenda, unga umeharibika, madaftari ya watoto ni uji, na mtoto mmoja anaharisha. Wiki mbili hakuna biashara. Akijumlisha, zile 360,000 zimerudi mtoni, na pengine zimekwenda na nyingine. Ile nafuu ya kodi ilikuwa mkopo kutoka kwa mto, na mto haukumwambia riba wala tarehe ya kurejesha.

Hesabu hii ina upande mwingine, wa mwenye nyumba. Kila mwaka anainua msingi, anaongeza kizingiti mlangoni, ananunua kifusi na viroba vya mchanga. Barabara nayo ikikarabatiwa inapandishwa juu, nyumba inabaki chini kama shimo. Fedha anazotumia kujihami haziongezi thamani ya nyumba hata kidogo. Zinaizuia isishuke zaidi. Tena kifusi cha huyu kinayasukuma maji kwa yule. Mitaa mingine imeinuliwa nyumba kwa nyumba mpaka aliyeshindwa kununua kifusi amegeuzwa kuwa bwawa la wenzake.

Yapo pia ya afya, ambayo kwenye karatasi za uthamini hayana safu. Mvua ikinyesha, wapo wanaotapisha vyoo ili uchafu uondoke na mkondo. Unaondoka, lakini unaingia kwenye chumba cha aliye chini. Wote tunaujua ugonjwa unaofuata.

Kwa nini hawahami

Swali hili huulizwa kila mwaka, mara nyingi na mtu aliyeketi mahali pakavu: "Wameambiwa wahame, mbona hawahami?" Naomba tulijibu kwa heshima.

Baada ya mafuriko ya 2011, Serikali iliwapa waathirika viwanja Mabwepande, kaskazini mwa jiji, takriban kilomita 30 kutoka katikati ya mji. Nia ilikuwa njema, na ardhi ya kule ni kavu. Lakini anayeishi Jangwani anafika Kariakoo kwa miguu kabla jua halijachomoza. Anabeba mzigo, anasukuma mkokoteni, anauza kahawa, anashona, anasafisha ofisi. Kwake Kariakoo ndiyo shamba. Ukimpeleka Mabwepande unamwongezea nauli ya kwenda na kurudi kila siku, saa kadhaa barabarani, na mwanzoni mahali penyewe palikuwa na upungufu wa maji, shule, zahanati na usafiri. Wapo waliovumilia na leo wana makazi mema. Wapo pia waliouza viwanja vyao wakarudi bondeni, na tukawaita wabishi.

Hawakuwa wabishi. Walipiga hesabu. Thamani ya mahali ina vitu viwili ndani yake: nafasi na hatari. Bonde la Msimbazi lina nafasi bora kuliko sehemu kubwa ya jiji hili, na lina hatari kubwa kuliko karibu sehemu zote. Tajiri anaweza kununua nafasi bila hatari, ndiyo maana bei za viwanja vya Upanga na Oysterbay ni kama zilivyo. Maskini anaipata nafasi akikubali hatari. Ukimwondolea hatari kwa kumwondolea pia nafasi, unakuwa umemhamisha kutoka umaskini mmoja kwenda mwingine.

Kisha ikaja Desemba 2015. Nyumba zilichorwa alama ya X kwa rangi nyekundu, matingatinga yakashuka Mkwajuni na Hananasifu, na familia zikakaa juu ya mabati yao mvua ikiwa imetanda. Mwanzoni mwa mwaka 2016 bomoabomoa ikasitishwa. Alama zikabaki. Nawaomba wathamini wenzangu tulitafakari jambo hili: nyumba yenye X ukutani haiuziki, haiwekwi rehani, na mwenyewe hathubutu kuifanyia ukarabati. Rangi ile pekee imeshusha thamani kabla ya tone la mvua.

Nao wapangaji? Katika kila zoezi la kuhamisha watu, mwenye nyumba ndiye anayeonekana. Mpangaji, ambaye ndiye aliyelala na maji, mara nyingi hupewa muda wa kuondoka na hakuna zaidi. Nairobi waliyaona hayo hayo mwaka 2024. Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei, serikali ya Kenya iliamuru watu waondoke ndani ya mita 30 kutoka kingo za mito, nyumba za Mathare na kwingineko zikabomolewa, na kila kaya ikaahidiwa shilingi 10,000 za Kenya. Katika mitaa ile wengi ni wapangaji, na kiasi hicho hakikutosha kuanza upya mahali salama karibu na kazi.

Walioko juu

Sasa nageukia upande ambao hatuuzungumzii vya kutosha. Katika miaka ya karibuni wenye uwezo wamepanda. Wamekwenda Goba, Madale, Mbezi, Kibamba na kule Pugu. Sikilizeni matangazo ya madalali: kiwanja kiko juu, hakituami maji, hakina korongo. Miaka thelathini iliyopita dalali alikutajia umbali wa barabara ya lami na nguzo ya umeme. Leo anataja kwanza tabia ya maji. Hiyo ndiyo tabianchi ikiingia kwenye soko la viwanja kwa lugha ya Kiswahili fasaha.

Lakini kupanda hakumwondoi mtu katika habari ya mto. Kila kiwanja kinachofyekwa juu, kila paa la bati, kila ua uliosakafiwa kwa saruji, unayanyima maji nafasi ya kuzama ardhini. Maji ambayo zamani yalichukua muda mrefu kufika Jangwani, yakipunguzwa na miti na nyasi, sasa yanafika kwa haraka na kwa pamoja. Yanashuka na mchanga wa makorongo yaliyochimbika, na mchanga huo unajaza mkondo wa mto kule chini. Hata mvua ingekuwa ile ile, bonde bado lingefurika zaidi ya zamani, kwa sababu ya tulivyojenga juu. Mvua ikizidi, ndiyo kabisa.

Kwa hiyo ukavu wa kiwanja cha juu na mafuriko ya chumba cha chini ni hesabu moja yenye pande mbili. Aliye juu anafaidi bei inayopanda. Gharama ya maji aliyoyaachilia inabebwa na mtu asiyemjua, kilomita kumi au ishirini mbele. Hilo ndilo ninaloliita deni la mwinuko.

Mwinuko wenyewe hauna kinga kamili. Makorongo ya Goba na Mbezi yanakula viwanja vya watu wenye hati safi. Na ufukweni, kaskazini mwa jiji, bahari imekuwa ikila pwani ya Kunduchi tangu miaka ya 1970, mpaka wenye hoteli na majumba wakajenga kuta na matuta ya mawe. Tofauti ni kwamba mwenye nyumba ya ufukweni anaweza kuajiri mhandisi, anaweza kukopa, anaweza kuuza na kuondoka. Mafuriko ya Msimbazi yanampata mtu ambaye mlango wake wa kutokea umeshafungwa na bei.

Wenzetu wa mbali wanayaona haya kwa sura nyingine. Marekani, ambako nyumba nyingi zina mkopo na wakopeshaji hudai bima, hatari huja kwa barua. Mwezi Mei 2023 kampuni ya State Farm iliacha kupokea maombi mapya ya bima za nyumba katika jimbo la California, ikitaja pamoja na mambo mengine hatari ya majanga na kupanda kwa gharama za ujenzi. Huko Miami, watafiti wakiongozwa na Jesse Keenan walichapisha mwaka 2018 uchunguzi wa bei za nyumba kwa kuzilinganisha na mwinuko wa ardhi, na waliona ushahidi kwamba bei za mahali pa juu zilikuwa zinapanda kwa kasi kuliko za chini. Mitaa kama Little Haiti na Liberty City, ambayo iko juu kidogo na ambako watu weusi walisukumwa zamani wakati ufukwe ulipokuwa wa matajiri, ikaanza kutamaniwa. Wakazi wake wakahofia kodi zitakazowaondoa.

Nimeileta Miami kwa sababu moja tu. Inaonyesha kwamba maskini anaweza kuondolewa mahali pa chini kwa sababu ni pa hatari, na anaweza kuondolewa mahali pa juu kwa sababu ni salama. Kisichobadilika ni nani anayeondoka.

Fidia na thamani inayozaliwa

Tunarudi nyumbani, kwenye jambo lililo mbele yetu sasa. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Msimbazi, huku Uholanzi na Hispania nazo zikichangia. Mradi unakusudia kupanua na kunyoosha mkondo, kujenga daraja jipya la juu pale Jangwani, kuhamisha karakana ya mabasi yaendayo haraka, ambayo tangu huduma ianze mwaka 2016 imekuwa ikifunikwa na maji mara kwa mara, kuanzisha bustani kubwa ya jiji, na kuinua baadhi ya ardhi ili iweze kuendelezwa. Nauunga mkono mradi huu kwa moyo wote. Kuacha watu wafe bondeni kwa jina la kuwaonea huruma ni ukatili.

Lakini lazima tuulize wanaoondoka wanalipwa nini. Katiba yetu, ibara ya 24, inamhakikishia mtu fidia ya haki anaponyang'anywa mali yake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka. Kanuni za mwaka 2001 zinataja vipengele: thamani ya mali katika soko, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi inayokokotolewa kwa kodi ya miezi 36, na hasara ya faida kwa mwenye biashara. Kwenye karatasi ni sheria nzuri.

Tatizo liko kwenye neno soko. Mthamini anapotafuta bei ya soko, analinganisha na mauzo ya jirani. Jirani naye yuko bondeni. Kwa hiyo anaandika bei ambayo maji yamekwisha kuikata, na ambayo rangi nyekundu imekwisha kuikata tena. Zaidi ya hapo, sheria zetu zinaweza kuitambua ardhi ya bonde kuwa ardhi hatarishi, na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Basi mwenye kibanda anaambiwa ardhi yake haina hesabu, tunakulipa matofali na bati. Ndiyo maana wakazi wengi wa bonde walipoona makadirio walilalamika kwamba fedha ile hainunui hata kiwanja kidogo, sembuse nyumba. Kwa jicho la soko mthamini hakukosea. Alichopima ni umaskini wao, akauita thamani.

Halafu tazameni mbele. Maji yakishaondoka, Jangwani itakuwa nini? Ardhi iliyoinuliwa, kando ya bustani, kando ya barabara kuu ya Morogoro na kituo cha mabasi, hatua chache kutoka Kariakoo. Nafasi itabaki, hatari itakuwa imetoka. Bei yake itakuwa ya kushangaza. Thamani hiyo haikuzaliwa na mwekezaji atakayejenga ghorofa. Imezaliwa na fedha za umma, na pia na subira ya watu waliolishikilia bonde lile miaka yote. Ikiwa wao watalipwa bei ya jana na wengine wavune bei ya kesho, mradi utakuwa umeyahamisha maji na kuhamisha pia mali, kutoka kwa wasio nacho kwenda kwa walio nacho.

Inawezekana kufanya vingine. Magomeni Kota, juu kidogo ya bonde hilo hilo, wakazi wa nyumba za zamani za Serikali waliondolewa, wakasubiri miaka mingi na kwa machungu, lakini mwaka 2022 maghorofa yalizinduliwa na kaya 644 zikarudi mahali pale pale. Walipata ukavu na hawakuipoteza nafasi. Kama tuliweza Magomeni, hatuwezi kusema haiwezekani kwa watu wa Kigogo.

Tufanye nini

Nina mapendekezo matano, na kila moja nimelielekeza kwa mwenye nalo.

La kwanza ni kwa Serikali na vyuo. Hatari ijulikane wazi. Tangu mwaka 2015, mradi wa Ramani Huria uliwakusanya wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa kata zilizofurika, wakapita mtaa kwa mtaa wakichora mifereji, majengo na mahali maji yanapofika. Kazi hiyo isiishie kwenye kompyuta. Ramani ya mafuriko ibandikwe katika kila ofisi ya serikali ya mtaa, kwa Kiswahili, na kila mauziano yanayoshuhudiwa pale yaandike kina cha maji yaliyowahi kuingia kwenye nyumba hiyo. Muuzaji au dalali anayeficha mafuriko awajibike.

La pili ni kwa wathamini na wanaotunga kanuni. Fidia ya anayeondolewa katika hatari ipimwe kwa gharama ya kupata makao ya heshima mahali pakavu panapofikika kazini, wala isipimwe kwa bei ya soko lililolowa. Benki ya Dunia yenyewe, katika masharti yake ya mazingira na jamii, inataka mali ilipwe kwa gharama ya kuipata upya bila kukata uchakavu. Tuidai kanuni hiyo kwenye kila kibanda, na tuiingize kwenye sheria zetu ili ifanye kazi hata pale ambapo hakuna mkopo wa nje.

La tatu ni kwa watekelezaji wa mradi. Mpangaji ahesabiwe kwa jina lake. Apewe kodi ya miezi ya kuanzia, nauli ya kuhama na malipo kwa mtaji uliovurugika. Bila hivyo atashuka bonde jingine, na Dar es Salaam haijaishiwa mabonde.

La nne ni kwa jiji. Sehemu ya ardhi itakayoinuliwa itengwe tangu sasa, kwa maandishi, kwa ajili ya nyumba za kupanga na kununua kwa bei ambayo mbeba mzigo wa Kariakoo ataimudu, na waliohama bonde wawe wa kwanza kwenye orodha.

La tano ni kwetu sisi tulioko juu. Tangu mwaka 2021 tunalipa kodi ya majengo kupitia umeme wa LUKU, kwa kiwango kimoja kwa nyumba za kawaida. Mwenye ua wa udongo na miti anatozwa sawa na aliyesakafia kiwanja kizima akaacha maji yote yakimbilie kwa jirani. Kodi hii inaweza kutufundisha. Anayevuna maji ya paa kwenye tangi, anayeacha udongo upumue, apunguziwe. Anayesakafia eneo kubwa achangie mfuko wa mifereji na hifadhi ya mto. Na wanaojenga kwenye miteremko ya Pugu na Goba wadaiwe mpango wa maji kabla ya kupewa kibali, na kibali kikaguliwe kwelikweli.

Ndugu zangu, wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Watu wa bondeni wametungoja muda mrefu, na kila masika wametungoja wakiwa ndani ya maji. Nawasihi tusisubiri mafuriko yatushushe. Tushuke wenyewe, na fungu letu la gharama mkononi. Kwa viongozi mlio hapa ombi langu ni moja: kabla nyumba ya mwisho ya Jangwani haijavunjwa, wekeni hadharani orodha ya wanaoondoka, wakiwemo wapangaji, kiasi alicholipwa kila mmoja, na fungu la ardhi mpya litakalowarudia. Nasi raia tuje kuisoma, tuihoji, na tusikubali mpaka imetimia.